Zamu ya Nani Kupigwa

Nilidhani nimefanya jambo la maana. Nilikuwa nacheza na Roland Banks, mpelelezi wa serikali mwenye bastola, na zimwi mla maiti lilikuwa limenikaba tangu mwanzo wa raundi. Risasi zilikuwa zimebaki mbili, sikutaka kuzimalizia kwa kiumbe cha namna ile. Nikalikwepa. Kadi ikalazwa ubavu, ikaondolewa mbele yangu, nikapumua. Raundi ikaisha, kadi zilizolala zikasimamishwa, na zimwi lile lile likamvaa Daisy Walker, mkutubi, ambaye alikuwa chumba hicho hicho na vitabu vyake. Dogo aliyekuwa anamchezesha Daisy akanikazia macho. "Kaka, yaani umejiokoa kwa kuniuza mimi?"

Jibu lilikuwa limeandikwa kwenye kadi yenyewe, mstari mmoja tu: windo lake ni mwenye uhai mdogo kuliko wote uliobaki. Daisy ana uhai 5, Roland ana 9. Zimwi halikuwa na hasira na mtu, lilifuata maandishi. Tangu siku ile kila mchezo wa kadi wa kushirikiana naufungua nikiwa na swali moja kabla ya mengine yote: adui anampiga nani, na nani ameamua hivyo?

Karata tulizokua nazo hazina tabu hii. Kwenye lasti kadi ukitupa 2, anayefuata anaokota. Kama ni ndugu yako, shauri yake. Mpinzani ana macho, ana kinyongo, anakumbuka ulichomfanyia juzi. Kwenye mchezo wa kushirikiana watu wote wako upande mmoja, na upande wa pili limekaa rundo la kadi lililochanganywa. Rundo halioni. Kwa hiyo mtunzi lazima aamue mapema kwamba kadi fulani ikifunuliwa kwenye meza asiyoijua, mbele ya watu asiowajua, itamwangukia nani. Akiachia bahati tupu, mchezo unageuka tombola. Akiwaachia wachezaji wachague kila mara, mapigo yote yatapelekwa kwa mwenye mgongo mpana, na adui atakuwa mbuzi wa kuongozwa kwa kamba. Kazi yote ya mtunzi iko hapo katikati.

Bahati nzuri kuna mtu mmoja ambaye kazi zake zinaturuhusu kulifuatilia swali hili kwa miaka 8 mfululizo. Jina la Nate French liko kwenye The Lord of the Rings: The Card Game ya 2011, liko pamoja na la MJ Newman kwenye Arkham Horror: The Card Game ya 2016, na liko pamoja na ya Michael Boggs na Caleb Grace kwenye Marvel Champions ya 2019. Yote mitatu imetolewa na kampuni moja, Fantasy Flight Games ya Minnesota, Marekani. Na kila mmoja unamtafuta mtu wa kupigwa kwa njia yake.

Ule wa 2011 unakutambua kwa namba moja, tishio. Kila shujaa wa Tolkien ana tishio lake, unajumlisha ya mashujaa wako watatu, ndipo unapoanzia. Aragorn 12, Théodred 8, Glóin 9: unaanza na 29. Éowyn 9, Eleanor 7, Dúnhere 8: unaanza na 24. Namba hiyo hupanda 1 kila raundi, hupanda zaidi safari ikikwama, na ikifika 50 umetoka mchezoni. Adui akifunuliwa hamrukii mtu. Anakaa katikati ya meza akiwa na namba yake mwenyewe, na atamkaba tu mtu ambaye tishio lake limeifikia. Aliyeandikiwa 25 hamwoni mtu wa 24, hata wakipumuliana usoni.

Tuwaweke katikati ya meza adui watatu wa msitu wa Mirkwood: Forest Spider wa 25, King Spider wa 20 na Dol Guldur Orcs wa 10. Wachezaji ni hao wawili, wa 29 na wa 24. Ukaguzi huanza kwa mchezaji wa kwanza, na kila mmoja kwa zamu hukabwa na adui mwenye namba kubwa kuliko wote ambayo tishio lake limeifikia. Wa 29 akiwa wa kwanza, anapata buibui wa 25. Wa 24 anapata buibui wa 20. Mzunguko unarudi, na wale Orcs wa 10 wanamwendea tena wa 29, aliye na Aragorn, ambaye kwa vyovyote ana mikono ya kuwapokea. Sasa badili kitu kimoja tu, mpe wa 24 alama ya mchezaji wa kwanza. Anapata buibui wa 20, mwenzake anapata wa 25, na Orcs wanaangukia kwa Éowyn na wenzake, watu wa kutembea zaidi kuliko kupigana. Kadi ni zile zile na namba ni zile zile. Kilichohama ni alama inayosogezwa kila raundi, nayo imehamisha kundi zima la maadui. Ndiyo maana kabla ya ukaguzi kanuni inamruhusu kila mchezaji kumwita adui mmoja kwa hiari yake. Wa 29 akiwaita Orcs mapema, mwenzake amepona. Hiyo nafasi ndogo ya kusema "huyu niachie mimi" ndiyo inayoufanya mchezo huu uwe wa ushirika. Bila yake ungekuwa watu wawili wanaofanya hesabu kwenye meza moja.

Lakini kadi ninayoipenda kuliko zote kwenye sanduku lile ni Hill Troll, jitu la vilimani linalokungoja kwenye safari ya mto Anduin. Namba yake ni 30. Mwenye 29 ana pengo la hatua moja: raundi ya kwanza jitu linampita bila kumwona, mwisho wa raundi tishio linapanda 1, na raundi ya pili amekwisha. Nguvu yake ya kupiga ni 6. Watu wengi kwa hofu humtanguliza askari wa bei nafuu akapigwe kwa niaba ya shujaa. Guard of the Citadel ana uhai 2 na hana ulinzi wowote. Pigo la 6 linamuua kwa 2, na kanuni ya jitu hili inasema yale 4 yaliyozidi yanaongezwa kwenye tishio lako. Tishio ndiyo namba inayowaonyesha maadui mahali ulipo. Umemtoa mtu kafara ili usiumie, na kafara hiyo hiyo imekuwashia taa. Aragorn akisimama mwenyewe, mwenye ulinzi 2 na uhai 5, anapata majeraha 4, anabaki amesimama, na tishio halisogei. Kadi moja imeunganisha pigo na macho ya adui, haikuhitaji aya nzima ya maelezo.

Dol Guldur Orcs nao wana jambo jingine. Wakifunuliwa tu, mchezaji wa kwanza huchagua mhusika mmoja kati ya waliotumwa kwenye safari, naye hupata majeraha 2. Hapa mtunzi amewaachia watu wachague, na matokeo ni yale niliyosema juu kuhusu mbuzi na kamba. Gimli huongezeka nguvu ya kupiga kwa kila jeraha alilo nalo. Mpeleke safarini, mpe yale majeraha 2, na Orcs wamekunolea shoka. Wapo wanaouona huu ni ubunifu wa wachezaji. Mimi nauona ni mlango uliosahaulika wazi, ingawa nimeupita mara nyingi na sijawahi kuona aibu.

Udhaifu wa tishio uko kwingine. Ni namba ya mtu mzima mzima. Haisemi kama umechoka, umejeruhiwa au una nini mkononi. Mtu wa tishio dogo hubaki amefichika hata akiwa taabani, na wa tishio kubwa huandamwa hata akiwa hana askari. Mwaka 2016 swali likaulizwa upya, sasa mjini Arkham, kwenye ulimwengu wa hadithi za kutisha za H. P. Lovecraft.

Arkham Horror ina ramani. Kadi za mahali hupangwa mezani, wapelelezi hutembea kutoka moja hadi nyingine, na adui wenye sifa ya uwindaji huwafuata. Kitu cha kwanza kinachoamua ni umbali: mwindaji humfuata aliye karibu zaidi. Windo, ule mstari ulioniponza, huzungumza pale tu ambapo kuna zaidi ya mtu mmoja wa kuchaguliwa, ama kwa sababu wako umbali sawa, ama kwa sababu wako chumba kimoja. Na kuna jambo ambalo meza nyingi hulikosea. Adui asiyeandikiwa mahali pa kutokea humkaba aliyeivuta kadi, basi. Nikivuta zimwi lile mimi Roland mwenye uhai 9, linanikaba mimi, hata kama Daisy amesimama pembeni akiwa na uhai 1. Windo halijaulizwa bado. Linaulizwa baadaye, nikilikwepa, likilala, kisha likiinuka mwisho wa raundi na kukuta watu wawili chumbani.

Ndiyo maana kukwepa kwangu kulikuwa kosa, na ndiyo maana napenda jinsi kosa lile lilivyowezekana. Daisy angeondoka chumbani kabla ya raundi kuisha, zimwi lingenirudia mimi. Ningekuwa nimeshapata majeraha 5 siku ile, ningebakiwa na uhai 4 dhidi ya 5 wake, na zimwi lingenirudia mimi vilevile. Kuna na hila ya upande wa pili: Beat Cop, polisi wa doria ambaye Roland huweza kuwa naye, anaweza kupokea majeraha badala yake. Windo huangalia uhai wa mpelelezi mwenyewe, haliangalii wa msaidizi wake. Roland akimbebesha polisi majeraha, anaonekana mzima, na mazimwi yanaendelea kumtafuta mkutubi. Unajilinda vizuri, unazidi kumwanika mwenzio. Sifa inayomvuta adui imewekwa mahali ambapo kila mtu anaweza kuisogeza, na kila akiisogeza kuna mtu mwingine analipa.

Linganisha na Ghoul Priest, kuhani wa mazimwi, mkubwa wa kisa cha kwanza kwenye sanduku la msingi. Huyu hutokea kwenye ukumbi wa nyumba, na windo lake ni mwenye nguvu kubwa ya kupigana. Roland ana 4, Daisy ana 2, hakuna mjadala. Ukisoma haraka unaona ni huruma ya mtunzi: mkubwa anamwendea anayejua kupigana, mkutubi ana nafasi ya kupumua. Tazama pigo lake sasa. Kila akipiga anatoa majeraha 2 na hofu 2. Uhai wa Roland ni 9, ila utimamu wake wa akili ni 5 tu. Mwili wake ungehimili mapigo manne. Akili inaisha kwenye la tatu. Amechaguliwa kwa sababu ya misuli, anapigwa kichwani. Wakati huo Daisy, mwenye utimamu 9, angeweza kuitazama sura ya yule kuhani kwa muda mrefu zaidi, kama mwili wake wa uhai 5 ungemruhusu. Kanuni ya nani wa kupigwa na kanuni ya pigo lenyewe zimeandikwa na mkono mmoja ili zipishane kidogo, na kwenye lile pengo ndipo watu wanapoanza kuzungumza: nani abebe, kwa raundi ngapi, na wakati gani mwingine amkabe kwa makusudi ili kumpokea.

Kumpokea mwenzio hapa kuna gharama. Unatumia tendo zima kumvuta adui kwako, na una matendo matatu tu kwa raundi. Njia ya mkato ni kumpiga risasi adui huyo akiwa bado amemkaba mwenzio. Inaruhusiwa. Ila ukikosa, jeraha lako linampata mwenzio. Bastola ya Roland, .45 Automatic, inampa nguvu 5 na kutoa majeraha 2. Zimwi langu la mwanzo linahitaji 3. Kwenye mfuko wa kete wa kisa hicho, kwa ugumu wa kawaida, kuna kete 16, na kama zimwi liko peke yake pale, ni 3 tu zinazoniangusha: ya kutoa 3, ya kutoa 4, na ile ya kushindwa moja kwa moja. Tatu kwenye 16 ni uwezekano mdogo. Mwambie hivyo mwenye uhai 5 anayekutazama ukiingiza mkono mfukoni.

Sanduku lile lina mawindo mengine, na ukiyapanga pamoja unaona mtunzi alikuwa anatafuta nini. Screeching Byakhee humfuata mwenye utimamu mdogo uliobaki, yaani kwa kawaida Roland. Young Deep One humtaka mwenye nguvu ndogo ya kupigana. Akiwepo Wendy Adams, mtoto wa mitaani mwenye 1, ni wake. Yithian Observer humwendea mwenye kadi chache mkononi, kisha humnyang'anya nyingine. Masked Hunter humfuata aliyekusanya vidokezo vingi, na akishamkaba, mtu huyo hawezi kupata kidokezo kipya wala kutumia alivyo navyo. Huyu wa mwisho ndiye bora. Mchezo mzima unakuhimiza kukusanya vidokezo, na ni wazi kazi hiyo atapewa Daisy, kwa sababu yeye ndiye anayeiweza. Kwa hiyo timu ikigawana kazi kwa akili, inajiandikia yenyewe jina la mtu wa kushambuliwa. Nimeona meza ikiamua kwamba Roland naye aokote vidokezo viwili vitatu kwa taabu, ili tu mwindaji aende kwake.

Hapo ndipo naona tofauti ya windo zuri na windo la kawaida. Nguvu ya kupigana ya Roland ni 4 leo na kesho. Utajua tangu mwanzo kuhani atamwendea nani, unajipanga, basi. Vidokezo, kadi mkononi, uhai uliobaki, hivi hubadilika raundi hadi raundi, na hubadilika kwa sababu ya mambo mliyoamua nyinyi wenyewe.

Kumpiga aliye dhaifu kuna hatari yake, sikatai. Aliyeumia anaumizwa zaidi, akitoka mchezoni anabaki kutazama wenzake kwa saa nzima. Sentinels of the Multiverse, mchezo wa 2011 wa watu wengine kabisa, mara nyingi hufanya kinyume: adui humpiga shujaa mwenye uhai mkubwa kuliko wote. Haka huanza na 34, Legacy na 32, basi Haka hupokea mapigo hadi ashuke chini ya Legacy, kisha zamu inahama yenyewe, na uhai wa meza nzima unashuka kwa usawa kama maji kwenye beseni. Ni kanuni ya haki, ila baada ya michezo kadhaa nimegundua nimeacha kuizungumzia na wenzangu, kwa sababu hakuna cha kuzungumza.

Arkham wenyewe una namna ya kulifuta swali zima. Umôrdhoth, anayesubiri mwishoni mwa kampeni ya sanduku la msingi, ni mkubwa kiasi kwamba huhesabiwa amemkaba kila aliye mahali pake, na wote huwapiga. Hakuna windo. Ikishafika hapo ni ama kupigana, ama kukimbia, ama kumtafutia kafara.

Marvel Champions ya 2019 ikachukua njia ambayo sikuitegemea: adui hamchagui mtu. Kila raundi adui mkuu hutenda mara moja kwa kila mchezaji, awe mmoja au wanne. Kinachobadilika ni anachofanya, na hicho unakiamua wewe kwa sura uliyovaa. Ukiwa Spider-Man, anakupiga. Ukiwa Peter Parker, hakuoni. Anageukia njama yake na kuisukuma mbele. Kwa maneno ya watu wa sinema za vibanda umiza, stelingi akivua barakoa akaenda nyumbani kulala, jambazi halimfuati kitandani, linaenda kuvunja benki. Rhino wa hatua ya kwanza hupiga kwa 2 na kusukuma njama kwa 1, kabla ya nyongeza ya kadi inayofunuliwa kila mara. Njama yake ya kwanza huiva ikifika 7 kwa kila mchezaji, 14 mkiwa wawili, na hujiongezea yenyewe kila raundi. Ukijipumzisha, pigo lako linagawanywa kwa wote. Ni mpango mwepesi kuueleza kwa mgeni, dakika moja inatosha, na nadhani wepesi huo ulikuwa sehemu ya lengo.

Kilichopotea ni ile tabia ya kila adui kuwa na jicho lake. Kilichoongezeka ni uungwana: mchezaji yeyote anaweza kumlaza shujaa wake ili apokee pigo la mwenzie. Kuna hata ladha ya ziada. Spider-Man huokota kadi pale tu pigo la adui mkuu linapoanza kumwelekea, na baada ya hapo She-Hulk anaweza kujitokeza kulipokea. Mmoja anapata kadi, mwingine anapata ngumi, na wote wawili wameridhika.

Hata hivyo mimi hurudi Arkham, kwa sababu ya jambo dogo kwenye kanuni zake. Windo likiwalinganisha watu wawili, mpelelezi kiongozi ndiye anayeamua, na kiongozi huchaguliwa mwanzo wa kisa, habadiliki raundi hadi raundi. Wiki mbili baada ya lile zimwi tulikuwa tena chumba kimoja, mimi na Roland wangu, dogo na Daisy wake. Nilikuwa nimemkwepa Relentless Dark Young, ambaye windo lake ni mwenye wepesi mdogo kuliko wote. Wepesi wa Roland ni 2. Wa Daisy ni 2. Kiongozi wa siku ile alikuwa dogo. Kadi ikasimamishwa, mimi nikaanza kueleza kwamba bastola yangu haina risasi na kwamba kwa hesabu ya haraka ingekuwa busara kama. Sikumaliza. Alishaisukuma upande wangu kwa kidole kimoja, huku anachanganya kadi zake.